Kadi ya Kaunti Mlangoni kwa Eguren

Benchi letu liko mbele ya duka la chakula cha mifugo, upande wa Oregon, na ukisimama juu yake unaiona Idaho ng'ambo ya mto. Huku sheria inakuruhusu kuotesha mashina manne ya bangi nyumbani kwako. Kule ukikutwa na msokoto mmoja unaweza kulala ndani. Sisi wa kijiweni ni wanne. Dizeli aliendesha malori mpaka mgongo ukamgomea, na chupa ya kahawa ni yake. Jaji ni Bi June Nakashima. Miaka ishirini iliyopita alikaa siku mbili kwenye baraza la wazee wa mahakama, kesi ya trekta iliyoibwa, na tangu hapo anajua sheria zote. Mimi naitwa Posta, nimegawa barua miaka thelathini. Wa nne ni Martin Eguren, mkulima wa vitunguu, na Ijumaa hiyo ya Oktoba alikuja na macho mekundu, akakaa pembeni, akakataa kahawa.

Bangi aliianza kwa ajili ya mkewe, Maite, aliyepooza upande mmoja na asiyepata usingizi kwa maumivu mpaka apate matone ya mafuta ya bangi hiyo. Alipanda mashina manne tu, kama sheria isemavyo. Lakini Eguren hajui kulima kitu kidogo. Aliyapa nafasi, maji ya matone na mbolea ya vitunguu, yakapita paa la trekta. Akayavuna, akayaning'iniza kwenye banda la vitunguu huku feni zikipuliza, kisha akapima. Ratili kumi na moja. Na sheria hiyo hiyo ya mashina manne inasema kilichokauka ndani ya nyumba kisizidi wakia nane, yaani nusu ratili. Jumatano akakuta kadi ya kaunti imechomekwa mlangoni: nembo, jina T. Holloway, namba ya simu, na kwa kalamu, "Tafadhali nipigie kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi."

Alituletea kadi hiyo kijiweni siku ile ile. Ushauri tulimpa sisi.

Dizeli: Wamerudi?

Eguren: Sijui. Simu nimeing'oa ukutani kama ulivyoniambia.

Dizeli: Safi. Simu ya waya ndiyo mbaya kabisa. Hata ukiwa umekata, inakusikiliza tu.

Jaji: Na mzigo?

Eguren: Nimechoma. Jumatano hiyo hiyo, kwenye pipa.

Jaji: Wote? Si wakia nane ni halali yako?

Eguren: Posta alisema choma yote, majivu hayapimwi. Na chupa ya mafuta nikamwaga kwenye sinki.

Nilitazama kikombe changu. Ni kweli nilisema, na nilivyokuwa nasema nilijiona mjanja.

Mimi: Na Maite?

Eguren: Hajalala. Leo siku ya pili.

Hakuna aliyetaka kuligusa hilo, kwa hiyo Dizeli akarukia jambo jingine.

Dizeli: Mimi shida yangu ni moshi. Ratili kumi na moja zikiungua, unadhani moshi ulienda wapi?

Mimi: Upepo ulikuwa wa magharibi.

Dizeli: Basi ndiyo hivyo. Umeenda Idaho.

Jaji: Hapo sasa. Bangi ikivuka mpaka wa jimbo, kesi inakuwa ya serikali kuu.

Mimi: Jaji, moshi nao?

Jaji: Moshi ni bangi iliyobadilisha nguo. Ile kesi ya trekta, walilipaka rangi nyekundu, na bado lilikuwa trekta lile lile.

Eguren: Bi June, usinitishe. Kweli wanaweza?

Jaji: Mimi sikutishi, nakueleza. Huyo T. Holloway lazima ni mwendesha mashtaka. Mtu mwema angeandika jina lake zima.

Mimi: Si tungemtafuta kwenye simu, tukajua ni nani?

Dizeli: Wee, thubutu. Ukiandika tu jina lake, naye simu yake inalia hapo hapo, inampa na ramani ya benchi.

Eguren: Na mizani yangu?

Dizeli: Ya kupimia vitunguu? Ina kumbukumbu hiyo, bwana. Kaitupe mtoni.

Jaji: Asiitupe mtoni. Katikati ya mto ni Idaho.

Siku nyingine tungecheka mpaka kahawa imwagike. Siku hiyo sikucheka, maana na mimi nina mashina manne nyuma ya jiko, na tangu Jumatano sijathubutu kuyapima. Lori la kaunti lilipita na wote wanne tukainamisha vichwa. Lilikuwa la kuzoa majani.

Eguren: Mimi kufungwa siogopi. Naogopa nani atamgeuza Maite. Kila baada ya saa mbili anageuzwa, la sivyo anatoka vidonda. Nikichukuliwa, nani atafanya?

Mwanamke mmoja alitoka dukani na mfuko wa chakula cha mbuzi begani, akaushusha kwenye gari lake hatua tatu kutoka kwetu. Alikuwa Rosaura Beltrán, aliyehamia wiki hiyo kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa amesikia yote kupitia mlango wa duka uliokuwa wazi.

Rosaura: Samahani wazee. Huyo Holloway aliacha namba? Kuna aliyeipiga?

Eguren akatikisa kichwa.

Rosaura: Leta basi nipige mimi.

Jaji alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa. Eguren alikuwa ameshaitaja namba, anaijua kwa kichwa; Rosaura akaibonyeza, akafungua spika, akamshikisha Eguren simu. Sauti ya mwanamke ikaitika kwa upole, Eguren akataja jina lake.

Sauti: Bwana Eguren, afadhali. Tangu jana napiga kwenu, inaita tu. Ni Holloway hapa, wa huduma za wazee. Jina la mkeo lilifika juu kwenye orodha. Msaidizi wa nyumbani, siku tano kwa wiki.

Eguren: Tuliomba miaka miwili iliyopita.

Sauti: Ndiyo, naona. Nilitakiwa kupata jibu kabla ya saa nne. Sasa ni saa nne na nusu, baba. Nafasi nimempa anayefuata, ameshakubali. Maite nitamrudisha kwenye orodha, ila ataanzia chini.

Eguren: Na ile ya bandani?

Sauti: Banda gani?

Jaji alifumba macho. Eguren akasema asante, mara mbili, akarudisha simu kama mtu anayerudisha kitu kilichovunjika mkononi mwake. Nilitoa kadi kwenye kopo la sukari chini ya benchi, tulimokuwa tumeificha Jumatano, nikaigeuza nyuma kwa mara ya kwanza. Kwa herufi ndogo za bluu ilikuwa imeandikwa: Huduma kwa Wazee na Walemavu. Nimebeba karatasi za watu miaka thelathini na sikuwahi kupeleka hata moja bila kuangalia pande zote mbili.

Dizeli: Mimi nilidhani...

Aliinamisha chupa juu ya kikombe cha Eguren na haikutoka kitu.

Rosaura: Mama yuko na nani sasa hivi?

Eguren: Yuko peke yake. Huwa nakaa hapa dakika kumi tu.

Leo alikuwa amekaa nasi zaidi ya saa nzima.

Rosaura: Na kama anakuhitaji, anakuita vipi? Simu si mmeing'oa?

Jaji aliangalia mto. Eguren alisimama, akaelekea kwenye gari lake akitembea, kisha akaanza kukimbia, mzee wa miaka sabini na sita mwenye goti bovu, na funguo zikamponyoka mara mbili mlangoni. Nilikiacha kikombe changu kwenye benchi nikapanda upande wa pili. Njia nzima nilikuwa najiuliza mgonjwa hugeuzwaje, nianze kumshika wapi, bega au nyonga, na kama bado kuna wa kugeuzwa.