Ganzi Iliyoanzia Viwikoni

Wa salamu alaykum na wa Bwana asifiwe, nawasalimu nyote, waendesha baiskeli wenzangu. Mnakumbuka nilivyoiringia baiskeli yangu ya kukimbizana na saa, ile ya mashindano. Ya mtumba, lakini ilikuja na mkao wake: usukani chini, viwiko vimelala kwenye pedi, vile vimito vya usukani, mbele kabisa. Kwenye nguzo ya kiti, mwenyewe wa kwanza alifunga utepe kuweka alama ya kimo chake. Nikasema huyu alikuwa bingwa, sigusi kitu.

Kwenda Pugu na kurudi nilivumilia. Tulipoanza kujiandaa na safari ya Chalinze, kidole kidogo cha kushoto kikaingia ganzi. Nikasema ni baridi. Baridi gani, ndugu zangu, Dar hii? Baadaye ikawa mikono yote miwili, na haikuondoka niliposhuka. Ilinifuata kwenye cherehani, na nyie mnajua cherehani ndiyo inayonilisha. Siku moja nashona gauni la bibi harusi, nikaona doa jekundu linatanuka kwenye kitambaa cheupe. Sindano ilikuwa imepita kidoleni, mie sina habari.

Hata hapo nilificha. Mume wangu aliuliza mbona naangusha vikombe, nikamwambia vinateleza.

Kisha tukiteremka kutoka Pugu, mbele lori limesimama. Nikavuta breki. Nilidhani nimevuta. Vidole vilikuwa vimelala juu yake tu. Nikakwepea mchangani nikaanguka.

Aliyeninyanyua ni dada mmoja, yumo humu, simtaji. Aliitazama baiskeli, akauliza, “Hii ya nani?”

“Yangu.”

“Mwenye utepe huu ana mikono mirefu. Wewe ni mpangaji tu, mama, na mwenye nyumba anakutoa kidogo kidogo.”

Jioni ile akapandisha usukani, akavuta pedi nyuma na kuzitanua, zishike mkono badala ya kubana kiwiko, maana hapo ndipo unapopita mshipa wa fahamu wa kidole kidogo. Kiti akakishusha. Nikalalamika kuwa nimekaa kama naenda sokoni. Akasema sokoni watu hufika.

Chalinze nilifika. Mkono wa kulia umerudi. Kidole kile cha kushoto bado, na daktari hajaniahidi kitu.

Dada, ahsante. Mume wangu pia, aliyenishonea vifungo nilipokuwa siwezi. Ndugu zangu, nawaambia, maumivu hukuita. Ganzi hukuacha uendelee. Na tangu nianze kusema, nawaona baadhi yenu mnakunja na kukunjua vidole chini ya meza. Spana ninayo. Twendeni nje kwenye baiskeli zenu kabla giza halijaingia.