Perege wa Nardo na Jogoo wa Meya

Benchi la mbele ya duka ni langu. Nasema mapema kwa sababu ukipita hapa asubuhi utadhani ni la Meya na Injinia, walivyolikalia. Meya hajawahi kuchaguliwa hata kuwa kiranja; aligombea mara moja, mkewe mwenyewe akampigia kura mwingine. Injinia alisomea barabara, akaishia kutengeneza pampu za maji, na hizo nazo zinavuja. Kazi yao ni kunywa kahawa yangu ya pakiti, kubembeleza majogoo wao wa kupigana waliofungwa kwenye mguu wa benchi langu, na kutatua matatizo ya dunia. Asubuhi ile tatizo la dunia lilikuwa samaki wa Nardo.

Nardo alikuja na ndoo, maji yakimmwagikia miguuni.

— Aling Sion, nipe siki na vitunguu, akaniambia. Padre mpya anakula kwetu mchana.

Tukachungulia. Ndani kulikuwa na perege dume, mnene, mgongo mweusi, amejikunja maana ndoo haimtoshi.

— Yesu na Maria! akasema Meya. Huyu umemwiba wapi?

— Nimemwiba nini? Wa bwawani kwangu huyu. Ila ndiye huyu mmoja tu. Wengine wote wa kiganja, na wanazaa wakiwa na ukubwa wa dole gumba. Mchuuzi jana kauangalia wavu wangu, akacheka, akaondoka na lori lake tupu.

Hapo hata Meya hakucheka. Sote tulijua. Ligaya, mkewe Nardo, alishasema mavuno haya yakiwa kama ya mwaka jana, anakwenda Hong Kong kulea watoto wa watu. Wakala anataka jibu Jumatatu. Na kitinda mimba wao humlilia mama hata akienda msalani.

— Pare, rafiki yangu, tatizo ni chakula, akasema Meya. Wale wa kiwandani wanachanganya vumbi la mbao. Samaki wako wanakula kabati.

— Acha zako! Injinia akadakia. Chakula hichohicho unawalisha wako.

— Na wangu je? Si wadogo vilevile?

— Wadogo, ndiyo, lakini sababu ni karaoke ya shemeji yako. Samaki anasikia, mzee. Kila jioni nyimbo za kuachwa, za kuachwa, za kuachwa. Wewe ungekuwa na hamu ya kula?

— Mimi nazisikia na nakula.

— Tunakuona.

— Basi ni mnara wa simu, akasema Meya, akishusha sauti kama anatoa siri ya serikali. Ule unavuta nguvu. Angalia hata mimi, kabla haujajengwa nilikuwa mrefu.

Nikamwambia mrefu hakuwa, nimemjua tangu ana kamasi. Injinia hakunisikia, alishapanda juu zaidi.

— Mnakosea wote. Ni Turing.

— Usinitajie huyo mtu, akasema Nardo.

— Sikiliza kwanza. Turing yuko ng'ambo ya mto. Samaki wake wanakua, wetu wanasinyaa. Kwa nini? Ukuaji unapita chini ya mto! Kachimba, kaweka bomba, anatunyonya. Mimi ni mtu wa pampu, najua kunyonya.

— Pampu zako hazinyonyi hata maji, nikamwambia.

Nardo akaisukuma ndoo kwa mguu. Hajasemezana na Turing tangu jogoo wa Turing amuue jogoo wake siku ya ubatizo, mbele ya wakwe. Na kabla ya hapo Turing alishaonekana mtu wa maringo. Huku upande wetu mabwawa yote yalianza na samaki wa marehemu baba yake Nardo. Mzee yule alikuwa mkarimu. Kila aliyesimamia ubatizo wa mtoto wake alipewa vifaranga vya samaki ndoo nzima, naye akagawia wenzake. Turing peke yake alikataa, akaenda kununua vyake mbali. Tulimsema mwaka mzima.

Karibu na mchana pikipiki ikaja ikasimama. Padre mwenyewe, Padre Gaspar, kijana wa milimani, kanzu kaikunja ndani ya mkoba. Tukasimama sote. Akaomba kahawa, akakaa kwenye benchi langu kama mtu wa kawaida. Jogoo wa Meya akamdonoa kiatu.

— Samahani, Padre, akasema Meya. Huyu ni bingwa. Ameshinda mapambano yote msimu huu.

— Hongera. Mtamla Krismasi?

Meya alipaliwa na kahawa. Injinia alimpiga mgongoni.

— Kumla! Padre, nani anakula bingwa? Huyu hata ulingoni simrudishi tena. Huyu ni dume la mbegu!

— Sijui mambo ya jogoo. Mnafanyaje?

Lo, afadhali angemuuliza kuhusu mkewe, pale angejibu kwa ufupi. Meya alisimama kabisa.

— Unaangalia damu, Padre! Huyu namjua baba yake, babu yake, na babu ya babu yake. Aliyeshindwa anakwenda chunguni. Aliyeshinda anabaki azae. Na majike unayatafuta mbali. Mimi nilisafiri hadi Batangas kutafuta jike!

— Ukiwaachia ndugu kwa ndugu, akasema Injinia, wanatoka mijogoo yenye miguu kombo, inakimbia ulingoni inalia.

— Inatia aibu ukoo mzima, akamalizia Meya.

Padre akaitikia kwa kichwa. Akainama kutazama ndoo.

— Samaki mzuri huyu.

— Wako, Padre, akasema Nardo. Wa mchana. Mgeni tunampa mkubwa kuliko wote. Baba alitufundisha hivyo. Sikukuu, mkubwa. Msimamizi wa ubatizo, mkubwa. Wale wadogo tunawaacha bwawani.

— Asante sana, akasema Padre, akanywa kahawa. Sasa nikishamla huyu, bwawani amebaki nani wa kuzaa?

Nilikuwa nakoroga kikombe, nikaacha. Injinia akamtazama jogoo, akatazama ndoo, akatazama jogoo tena. Padre wa watu alidhani ametukosea adabu, akaanza kuomba radhi, tena yeye ndiye alikuwa mgeni.

Nardo akainyanyua ndoo.

— Padre, unisamehe.

Akashika njia ya bwawani, maji yakimwagika kila hatua. Nikafungua makopo ya dagaa, nikamwekea Padre na mkate. Sikuwahi kuona aibu kama ile dukani kwangu. Alikula yote na kushukuru.

Ligaya alitokea kabla hajamaliza, mwiko mkononi.

— Wali umeiva. Samaki wangu yuko wapi?

Nardo alikuwa anarudi na ndoo tupu, suruali imelowa hadi magotini.

— Nimemrudisha, akasema. Ni wa mbegu. Tulikuwa tunakula wakubwa, Ligaya, tunabakiza vibete wazae. Miaka yote hiyo! Sasa tutafanya kama jogoo.

Ligaya akamtazama vile alivyolowa. Akasema taratibu:

— Azae na nani? Humo ndani si wote dada zake? Na kwa Meya? Na kwa Injinia? Wote wametoka kwa mzee wako.

Meya akamvuta jogoo wake karibu.

— Na mpaka wakue kiasi cha kuuzika, Nardo, ni mavuno mangapi?

Nardo akamtazama Injinia. Injinia akatazama chini, akaanza kufungua kamba ya jogoo ambayo haikuwa na shida yoyote.

Ligaya akacheka, kicheko kile chake cha kupuliza puani.

— Haya. Mchumba wa huyo samaki yuko ng'ambo ya mto, kwa Turing. Mimi nitakwenda Hong Kong, wewe uende kwa Turing. Tuone nani atatangulia kufika.

Akageuka kurudi kwenye wali wake. Mimi nililia, sioni haya kusema. Meya akaninyooshea kikombe niongeze, nikamwambia kahawa imekwisha, na ilikuwa haijaisha.

Nardo akajikamua maji ya suruali. Kisha akaichukua ndoo, akavaa kofia, akateremka kuelekea mtoni.