Jumamosi Aliyoichagua Honi

Benchi la mbele ya duka la mikate la mji mdogo wa Tarrabeen limekaa pabaya kwa mtu mwenye mambo mawili moyoni. Ukigeuza shingo kushoto unaona uwanja, magari yameshapangwa kuuzunguka, pua zimeelekea ndani kama ng'ombe kwenye hori. Ukigeuza kulia unaona Baa ya Reli, mlango wa pembeni uko wazi, wanaingiza spika. Jumamosi hiyo ya mwanzo wa Septemba, Lindsay Tregear alikuwa amekaa katikati ya benchi, hageuki kushoto wala kulia, anaiangalia kahawa yake tu. Mji mzima humwita Honi. Pikapu yake ya kubebea majani ya ng'ombe ina honi ya lori la zamani, na timu ya mji, Kasuku Weusi, wakifunga goli, hakuna gari linalothubutu kulia uwanjani kabla ya lake. Yeye akianza, ndipo magari mengine yote yanaitikia. Watu wameshaamini kwamba Honi asipopiga, goli lenyewe halijakomaa.

Balaa aliianzisha mwenyewe. Wakati wa Krismasi, jua likiwa kali, binti yake Bridie alimpigia simu kutoka Melbourne, anakopiga gitaa la besi na kuimba katika bendi. Alitaka kuja kupiga nyumbani. Akamuuliza baba yake ni Jumamosi gani isiyo na mpira. Honi alijibu bila hata kukuna kichwa: ya kwanza ya Septemba, mwanangu, siku hiyo ni nusu fainali, na sisi nusu fainali huwa tunaisoma gazetini. Mwezi wa tano Kasuku Weusi wakaanza kushinda, wakasahau kuacha. Sasa nusu fainali saa nane na nusu, bendi saa tisa.

— Asubuhi Bridie kakwambiaje? aliuliza Gundi, aliyekaa naye benchini.

Gundi ni Noreen Pascoe, mama anayeongoza kikosi cha kutengeneza lile bango kubwa la karatasi ambalo wachezaji hulipasua wakiingia uwanjani. Tangu Jumatano vidole vyake vilikuwa vimegandana, na kikombe alikishika kwa viganja viwili.

— Kasema, "Nenda mpirani tu, baba. Naelewa."

— Basi! Kesi imefungwa! Filimbi alipiga goti lake. Mtoto katoa ruhusa. Kunywa kahawa, bwana, twende zetu tukapate nafasi nzuri.

Filimbi ni Vasil Dimovski, refa mstaafu. Alikuwa amevaa kofia ngumu ya baiskeli ingawa baiskeli hana. Mwezi huu ndege wana makinda, na yule wa kwenye mti wa posta anamjua Filimbi kwa sura, kila akipita humshukia kichwani.

— Hapo umenena kama refa, alisema Gundi, yaani hujaona kitu. "Naelewa" ya binti siyo ruhusa. Mimi ninao watatu. Wakikupigia kelele, wanakupenda. Wakianza kukuelewa, umekwisha.

Honi alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza.

— Kweli, Gundi?

— Wa pili alinielewa mwaka mzima. Nilikonda.

— Usimtishe mzee wa watu, Filimbi alidakia. Sikiliza, Honi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mpira ndio mbachao wako.

— Ehee! Na msala upitao ni nani? Bridie? Bridie kazaliwa humu, kakulia humu. Huu msimu wa kushinda ndio msala, tena wa kuazima! Mwakani tunarudi kwenye kupigwa kama kawaida yetu.

— Gundi, maneno gani hayo siku ya nusu fainali! Gusa mbao!

Gundi aligusa benchi. Hata Honi aligusa. Kuna mambo hayana mjadala.

Filimbi alikunywa funda, akajisogeza. Akijisogeza hivyo, kijiwe chote hujua kuna nadharia inakuja.

— Sasa mimi nawaambia kitu. Huyu bwana akienda mpirani, muziki atakuwa ameusikia. Kwa sababu mpira wetu *ni* muziki. Mchezo una robo nne, kama mapigo manne ya wimbo, si ndiyo? Umati unaimba, magari yanaitikia, refa anaongoza.

— Refa anazomewa, alisema Gundi.

— Na kiongozi wa bendi hazomewi? Wewe nenda baa yoyote mtu achelewe kuingia jukwaani. Halafu tazama mpira wenyewe. Kwa nini una ncha mbili kama yai? Ule mpira wa duara wa wenzetu ni sahani ya santuri: unazunguka palepale, unajua unakwenda wapi. Wetu ukidunda, hata aliyeutengeneza hajui utaelekea wapi. Huo ndio muziki wa jukwaani, bwana! Leo ukipigwa hivi, kesho hauji tena vilevile!

Safari hii nadharia ilikuwa karibu na kweli. Honi mwenyewe aliguswa.

— Hapo umenipata, alisema polepole. Nilipokuwa kijana ilikuwa hivyo hivyo. Mchana mpirani, jioni bendi pale Reli. Nimelowa, nimekauka sauti, na bado naimba. Vitu vyote viwili, usipokuwepo hujavipata. Goli la kusimuliwa ni pai iliyopoa. Na wimbo wa kusimuliwa…

Hakumaliza. Aliona jinsi alivyokuwa anajifunga mwenyewe, na roho ikamuuma.

— Unaona? Filimbi alisema. Kwa hiyo mpirani!

— Kwa hiyo kwa bintiye! alisema Gundi. Maneno yaleyale!

— Ngoja, tatizo ni honi, Filimbi aliendelea. Nani atapiga honi? Mshika mawili moja humponyoka. Kwa hiyo ashike yote mawili, asiponyokwe.

— Umeigeuza kichwa chini hiyo.

— Nimeifungua, wewe ndiye umezoea imefungwa. Sikiliza mpango. Pikapu ibaki uwanjani. Honi aende baa na simu. Sisi tukifunga, nampigia, yeye anasema "piga", mimi napiga. Mkono wangu, amri yake.

— Na yuko mbele ya bintiye anayeimba, simu inalia kila dakika?

— Tukifunga kila dakika, Gundi, hata Bridie atacheza!

Honi alicheka bila kupenda, kahawa ikamwagikia suruali. Alipangusa kwa kofia yake ya sufu ya rangi nyeusi na njano.

— Haitafaa, alisema. Ile honi ina ujanja wake. Unabana kidogo, unaachia, halafu ndipo unabana kwa nguvu. Ukiibana moja kwa moja inakohoa.

— Goli likikoholewa si goli, Filimbi alikubali kwa huzuni.

Upande wa kulia, kutoka Baa ya Reli, besi ilinguruma mara moja. Dum. Wakajaribu tena. Dum. Vikombe juu ya benchi vilitetemeka. Filimbi alisimama wima kama aliyechomwa sindano.

— Mmesikia? Mmeona vikombe? Jamani! Nimeelewa kwa nini tunashinda mwaka huu!

— Mungu wangu, alisema Gundi.

— Bridie alipokuwa bado nyumbani alikuwa anajifunzia wapi hilo gitaa? Kwenye banda la klabu, nyuma ya milingoti ya goli! Miaka ile yote! Na miaka ile yote mipira yetu ilikuwa inakwenda wapi? Pembeni ya milingoti! Besi inatikisa ardhi, ardhi inatikisa milingoti, mpira unapata pointi moja ya pembeni badala ya sita za goli! Kahamia mjini, tumeanza kufunga!

— Kahamia mjini tangu lini, Filimbi? Mtoto ana mwaka wa nane huko.

— Milingoti ilichukua muda kutulia! Haba na haba hujaza kibaba!

— Na wapinzani walikuwa wanafungaje, milingoti ikitikisika?

Filimbi alifikiri. Alivua kofia ngumu, akaona mti wa posta, akaivaa tena.

— Walizoea. Mgeni njoo mwenyeji apone.

— Kwa hiyo leo akipiga pale, tunafungwa?

— Asipopangiwa, ndiyo. Inabidi apige wapinzani wakiwa na mpira tu. Sisi tukiupata, anyamaze. Tunaweka mtu dirishani na kibendera. Mimi ninacho.

— Yaani umwambie msanii aimbe kwa kibendera!

— Mbona mimi nimefanya kazi kwa kibendera maisha yangu yote na sikulalamika?

Honi alicheka tena, lakini safari hii kicheko hakikufika mbali. Muda ulikuwa unakwenda. Kushoto timu ya akiba ilikuwa inamaliza mchezo wake, watu wanazidi kuingia na mablanketi na chupa za chai. Alitaka kuwa kule, alitaka mno. Hii nusu fainali aliisubiri tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Na alitaka kuwa kulia. Kilichomsumbua zaidi ni ile sauti ya Bridie asubuhi, haikuwa na kinyongo hata chembe. Angekasirika kidogo tu, baba mtu angejua la kufanya.

Wakati huo mlango wa duka ulifunguka, akatoka mwanamke mmoja na pai ya nyama mkononi, anatafuta pa kukaa. Alikuwa Thilini, muuguzi mpya wa zahanati, wiki ya kwanza mjini. Gundi alimsogelea Honi ili kumpa nafasi.

— Kaa, mwanangu. Usijali kelele, huyu Filimbi hana ugonjwa unaotibika.

— Asante, mama. Nimewasikia nikiwa kwenye foleni. Kuna bendi leo?

— Binti wa huyu bwana, Filimbi alimwonyesha Honi kwa fahari. Msanii mkubwa! Katoka Melbourne! Tunajadili kama baba mtu aende au asiende.

— Aa. Thilini aliipuliza pai yake. Wanapiga muziki gani?

Filimbi alimwangalia Gundi. Gundi aliangalia vidole vyake vyenye gundi. Wote wawili wakamgeukia Honi.

— Wanapiga… alisema Honi. Kuna gitaa. Na ngoma.

— Ndiyo, lakini wa namna gani? Huwa anaimba juu ya nini?

Honi anaweza kukuambia nani alifunga kwa mguu wa kushoto, kwenye matope, mwaka ambao nyasi za uwanja zilikauka hadi mvua ya mwezi wa sita. Anaweza kukuambia upepo ulikuwa unatoka wapi. Alitafuta wimbo mmoja wa Bridie, hata mstari mmoja, hata jina. Bridie alimwalika mara nyingi, na kila mara alimjibu kwamba atakwenda msimu ukiisha. Msimu ukiisha huja kukata majani ya ng'ombe, na majani yakiisha huja msimu. Hakuwahi kumsikia akiimba mbele ya watu.

Thilini aliona nyuso zao, akadhani amekosea.

— Samahani, nimeuliza vibaya?

— Hapana, dada, alisema Honi. Umeuliza vizuri mno.

Alisimama. Alitoa ufunguo wa pikapu mfukoni na kumwekea Filimbi mkononi.

— Unabana kidogo, unaachia, halafu ndipo unabana.

— Honi! Bwana we! Ni nusu fainali!

— Najua ni nini.

— Na tukifungwa?

— Mtasema ni mimi. Nimebeba mazito kuliko hayo, nimekuwa shabiki wa Kasuku Weusi miaka yote hii.

Gundi alitaka kumpiga begani kumpongeza, mkono ukaganda kwenye sweta. Waliuchomoa pamoja, wakicheka, sufu ikabaki viganjani mwake. Honi akavuka barabara kwenda kulia.

Bridie alikuwa mlangoni mwa baa, ameshika spika upande mmoja, anamsubiri mwenzake. Alipomwona alitoa macho.

— Baba, umepotea? Uwanja uko kule.

— Uwanja naujua. Honi alishika upande wa pili wa spika. Bridie, mnapiga muziki gani?

Bridie alicheka mpaka ikabidi waitue spika chini. Alijifuta machozi kwa mkono wa koti.

— Miaka yote hii, alisema. Ndiyo leo unauliza?

— Ndiyo leo.

— Sikwambii. Ingia usikie. Na ukae mbele, baba, siyo pale mlangoni kama mtu anayesubiri basi.

Alikaa mbele. Watu walikuwa wachache, wengi walikuwa mpirani, na waliokuwepo walisimama karibu na dirisha. Saa tisa na kidogo Bridie alisogea kwenye kipaza sauti, macho ameyafumba, akapiga besi mara ya kwanza. Papo hapo, kule uwanjani, honi ya lori ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikalia sawasawa, na magari yote yakaitikia. Baa nzima ikakimbilia dirishani kuuliza nani kafunga. Honi hakugeuka. Binti yake alikuwa amefungua mdomo kuimba, na hakutaka limpite hata neno la kwanza.