Upande Mmoja Hadi Mlangoni

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, fundi wetu wa makasha ya saa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika karakana hii. Kamati ya sherehe imemwomba mpokezi wa kaunta aandike wasifu huu kwa sababu, wamesema, kazi yake ni kukaa tu. Basi mpokezi amekaa, miguu imemvimba, na anaandika. Ameagizwa pia achangamke. Atajitahidi.

Jina alilokuja nalo mstaafu halikumaliza mwezi. Wenzake walimwita Mzee Upande Mmoja, na wakati huo hakuwa na mvi hata moja. Jina lilitokana na kazi yake. Saa nyingi za mkono hazing'ai kama kioo kasha zima. Sehemu kubwa ya chuma ina mistari myembamba iliyolala sambamba, na ndiyo inayoipa saa utulivu wake. Saa ikivaliwa miaka na miaka, mistari hiyo hufutika, ikabaki mikwaruzo inayokwenda ovyo. Mzee ndiye aliyekuwa akiirudisha. Anaziba kwa utepe sehemu zinazotakiwa kung'aa, analibana kasha la saa mezani, kisha anapitisha kibao chenye msasa mara moja, mwanzo hadi mwisho, upande mmoja. Ukisita katikati, alama inabaki na huna budi kuanza upya. Na kila ukianza upya, chuma kinapungua.

Mazoea hayo hakuyaacha kazini. Meza anaifuta upande mmoja. Viatu anavipiga brashi upande mmoja. Mkewe, ambaye tunaye hapa leo, alikuja siku moja kumletea miwani aliyoisahau, akatuambia kwamba nyumbani hata kufagia anafagia hivyo hivyo: akifika mwisho ananyanyua ufagio na kurudi ukutani kuanza tena. "Wenzangu wameolewa na wanaume," alisema, "mimi nimeolewa na rula."

Aliyewahi kufanya kazi humu anaujua mkono wake wa kushoto. Akishabandika utepe wa mwisho, aliuinua. Hapo feni ilizimwa, stuli zikatulia, na mwenye karakana akatoka nje na simu yake. Mteja mmoja alikuwa katikati ya kufoka kwa sababu saa yake imechelewa. Alionyeshwa ule mkono, akanyamaza kinywa wazi. Mkono uliposhuka alikuwa amesahau alichokuwa akilalamikia, akaaga vizuri kabisa.

Kisha bega la kulia likaanza kuchoka. Feni ndiyo iliyotusimulia. Mstari uliokuwa ukikamilika kwa kuzima feni mara moja ukaanza kutaka mara mbili, baadaye tatu. Tulikaa na joto letu, jasho linatiririka hadi kwenye vioo vya kukuzia, na hakuna aliyelalamika isipokuwa moyoni. Yeye akiushusha mkono alikuwa hatutazami. Mwaka huu akaomba mwenyewe kupumzika.

Tulidhani hadithi imekwisha. Mwezi wake wa mwisho akaingia mama mmoja, mjane wa dereva wa lori, akaweka saa ya marehemu juu ya kaunta. Mwanawe wa kwanza alikuwa ametaka kumfurahisha, akaipeleka kwa mtu wa kung'arisha vyombo. Ilirudi inamwaga mwanga. Mama alikataa kuivaa. "Inang'aa kama sufuria," alisema. "Ya baba watoto haikuwa hivi. Mimi hii siijui."

Mzee aliichunguza kwa kioo cha kukuzia. Yule mng'arishaji alikuwa amekula chuma kingi mno, hasa pale mkanda unaposhikizwa, na kilichobaki kilitosha mstari wa safari moja tu. Hapakuwa na nafasi ya kuanza upya. Alimweleza mama bila kumficha: bega lake ni bovu, anaweza kuiharibu kabisa, na humu ndani wapo mafundi wenye mabega mazima. Mafundi hao waliinamia kazi zao kwa bidii ambayo hatujawahi kuiona. Mama akasema, "Fanya wewe, baba. Wewe ndiye uliyenisikiliza."

Saa ikaingia kwenye droo. Kila asubuhi aliifungua droo, akaifunga. Akajaribu kwenye makasha mabovu, feni ikizimwa, ikiwashwa, ikizimwa, hadi sote tukachoka pamoja naye, na tukaogopa pamoja naye. Angeikosea hiyo, ndiyo angeondoka nayo moyoni, si zile elfu alizozipatia.

Siku moja alivua mshipi wake, akajifunga nao kiwiko cha kulia kwenye mbavu ili bega lisipate la kufanya, akaomba kamba ya kushikia suruali. Kuna waliocheka. Halafu mkono wa kushoto ukainuka na feni ikazimwa. Mkono wa kulia haukuvuta kitu. Mzee alirudi nyuma hatua moja, polepole, mwili mzima, na kibao cha msasa kikaja pamoja naye, kikapita juu ya chuma na kuachana nacho bila kusita. Mkono ulishuka. Hakuna aliyekumbuka kuiwasha feni.

Mama alipokuja aliigeuza saa dirishani. Mistari ilikuwa imelala kimya. Aliivaa, ikamteleza hadi karibu na kiwiko, akasema, "Ndiyo hii," akalia. Mpokezi naye alilia, jambo ambalo halimo katika majukumu yake.

Tunakushukuru, Mzee wetu, na tunamshukuru shemeji aliyekuvumilia. Tuseme kweli, umetuacha tumechoka na hatujui nani atauinua mkono kesho, ingawa wale mafundi wawili uliowafundisha tumewaona wakifuta meza upande mmoja.

Hotuba zikiisha, ratiba imebakiza jambo moja. Utakaponyanyuka kwenda mlangoni, hakuna atakayevuta stuli wala kukohoa, na mwenye karakana ameahidi kuizima simu. Nenda kwa mwendo wako, na usisimame katikati kututazama. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba ukisita, alama inabaki. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na bega lisiloitwa tena kazini. Feni tutaiwasha ukishatoka.