Asilimia Mia ya Upeo

Kijiwe chetu kiko Msamvu, upande wa barabara ya Dodoma, ubavuni mwa meza yangu ya mitumba. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliotoka kiwandani siku zile viwanda vya Morogoro vilipokuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na wanaolikalia nao wametoka hukohuko. Ndiyo maana wapita njia wanatuita Wapunguzwa. Hatukasiriki, maana tukikasirika tutakwenda wapi? Mwaka huo ulikuwa tisini na nane, mwezi wa nane, Uluguru imejifunika ukungu tangu alfajiri, na Issa muuza kahawa alikuwa amekwisha kutuzungushia vikombe mara mbili. Mada ilikuwa ileile ya wiki nzima: sekondari za watu binafsi, ipi inapeleka watoto wengi chuo kikuu. Na wanaobishana ni sisi, ambao hakuna aliyewahi kuingia chuo kikuu, ila Chaki, aliyelala Mlimani usiku mmoja kwenye semina.

Chaki ni mzee Ramadhani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Bunge ni Stambuli, dalali wa vyumba, anayezungumza kama vile Spika kampa nafasi. Wa tatu ni Fomeni, jina lake Severin, aliyekuwa mkuu wa ukaguzi kiwanda cha viatu. Kiwanda kilikufa, lakini koti lake la kijivu bado analivaa. Siku hiyo alikuja amenyoa ndevu na koti limepigwa pasi, kwa sababu mwanawe Alois alikuwa kidato cha sita Upeo High School, na Upeo walikuwa wametangaza kwamba gari lao litapita.

Huo ndio mtindo wa shule hizi siku hizi. Majina ya chuo yakitoka, wanakodi Fuso, wanapandisha vijana wamevaa majoho ya kuazima, matarumbeta nyuma, kipaza sauti juu, wanauzunguka mji mzima ili wazazi wengine waumie roho. Na kweli tunaumia.

Bunge: Shule inapimwa kwa kitu kimoja tu, jamani. Mlango wa kutokea. Wangapi wametoka, na wamekwenda chuo gani. Mengine porojo.

Chaki: Sisi tulikuwa tunaangalia na mlango wa kuingilia. Unampokea mtoto hajui kushika kalamu, unamwachia anasoma gazeti.

Bunge: Ndiyo maana serikali yenyewe imewachoka, mwalimu. Hili soko huria! Mzazi ni mteja.

Chaki: Mzazi ni mteja. Na mtoto ni nani?

Bunge: Mtoto ni bidhaa. Mbona unauliza swali la darasa la kwanza?

Fomeni alicheka mpaka kahawa ikamdondokea gotini. Alikuwa na furaha ya kuogopesha, furaha ya mtu anayeisubiri habari ambayo ameshawaambia watu.

Fomeni: Hapo Bunge kasema. Mimi nimekaa ukaguzi, najua. Kiatu kikija uzi umepinda, pembeni. Soli imekaa upande, pembeni. Boksi likifika dukani hukuti kiatu kibovu hata kimoja. Ndiyo sifa ya kiwanda. Upeo nao hivyohivyo, hawambembelezi mtu. Asiyefikia wastani anaondoka zake. Wenyewe wanaita mchujo.

Bunge: Mchujo! Hiyo ndiyo shule. Siyo ile ya kule mtoni, nusu ya darasa chuo kikuu, nusu wanarudi kukaa barazani. Nusu ndiyo nini? Aibu tupu.

Chaki: Enzi zangu asiyefikia wastani ndiye niliyebaki naye jioni.

Bunge: Ukampeleka chuo kikuu?

Chaki: Nilimpeleka darasa la tano.

Tukamcheka Chaki, na mimi nilikuwemo. Yeye akabaki anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Mchujo ulitupendeza sote asubuhi ile, na nadhani nilijua sababu. Watu tuliochujwa sisi wenyewe tulikuwa tunatamani kuwa upande wa wanaochuja, angalau kwa mdomo.

Ndipo alipofika mama mmoja kutoka Mgeta, kitenge kiunoni, viatu vina udongo mwekundu wa milimani. Akainama mezani kwangu akitafuta sweta la kijivu.

— Shikamooni, akasema.

— Marahaba, tukaitikia.

Alijitaja kwa jina la Rahel. Binti yake Josephina alikuwa amefaulu kidato cha nne, na yeye kashuka kumtafutia shule ya kuendelea, maana kule juu mlimani ushauri ulikuwa umemwishia. Kosa lake lilikuwa kuyasema hayo karibu na benchi letu.

Bunge: Mama, usihangaike. Upeo.

Rahel: Wananitajia hiyohiyo. Kwani ina nini?

Bunge: Asilimia mia! Wote chuo kikuu. Mwaka jana wote, mwaka huu wote.

Rahel: Wote walioingia?

Bunge: Ah, mama! Wote ni wote.

Fomeni: Kaa hapa, dada yangu. Mwanangu yuko pale. Sasa hivi utamwona kwa macho yako, Alois wangu, yuko juu ya gari. Akipita nitakuonyesha, kisha utamuuliza mwenyewe.

Issa akammiminia Rahel kikombe. Hakumaliza hata kupiga mafunda mawili, matarumbeta yakasikika.

Fuso lilitokea barabara ya Dodoma, limepambwa kwa makuti na vitambaa vya bluu. Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma: «Upeo! Upeo! Waliokaa kwenye mtihani wote wamechaguliwa! Asilimia mia! Mzazi, unangoja nini?» Watu wakatoka madukani. Fomeni akapanda juu ya benchi, mzima mzima, na viatu vyake. Gari lilipunguza mwendo pale njia panda, likasimama karibu kabisa na sisi, hata ningeweza kushika joho la yule aliyekaa pembeni.

Vijana wenyewe hawakuwa wengi. Nafasi ilikuwepo tele. Wangeweza kuwapanga wengine kama hao bila kubanana. Fomeni aliwatazama kuanzia mbele mpaka nyuma. Akarudia kuanzia nyuma mpaka mbele.

— Alois! akaita. Alois!

Binti mmoja juu ya gari aligeuka. Alipoliona lile koti la kijivu na yule mzee aliyesimama juu ya benchi, akaacha kupunga mkono, akainamisha kichwa na kujifanya anafunga kifungo cha joho. Gari likaondoka na makelele yake kuelekea mjini. Fomeni akateremka polepole, akipapasa kwa mguu kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Fomeni: Hamkumwona?

Hatukumwona. Lakini kijiwe hakijawahi kushindwa kueleza jambo, na huruma yetu sisi Wapunguzwa hutokea mdomoni.

Chaki: Labda lile gari ni la wanaokwenda Mlimani tu. Wanaokwenda Sokoine hawana haja ya gari, chuo chenyewe kiko hapahapa.

Fomeni: Eeh. Eeh, inawezekana. Alikuwa anapenda kilimo, yule.

Bunge: Acha uzushi, mwalimu. Nyie hamjui mambo ya ushindani. Shule yoyote yenye akili, wale vichwa hasa haiwapandishi kwenye Fuso. Inawaficha.

Issa: Inawaficha nani tena?

Bunge: Shule nyingine! Unamwonyesha mtoto wako bora barabarani, kesho mwenye shule wa pili anakuja kumchukua afundishe kwake, anamwandika kwenye tangazo lake kwamba ni wa kwake. Biashara hii. Walio kwenye gari ni wa kawaida, wa kuonyesha watu. Alois yuko stoo.

Fomeni: Stoo?

Bunge: Namna ya kusema, mzee. Yuko mahali salama.

Fomeni akatikisa kichwa. Nilimwona anavyolishika kila neno na kulikagua, na safari hii hakutupa kitu pembeni. Vyote vilipita.

Chaki: Au kachaguliwa nje. India wanachukua sana.

Bunge: Sasa umeamka, mwalimu! Lakini India ndogo. Sikilizeni, wawekezaji wamenunua nini mpaka leo? Wamenunua viwanda, wamenunua mashamba, wameulizia reli. Kitu gani wameona kinabaki nchi hii? Akili. Wanakuja shuleni kimyakimya, wanachagua kama wanavyochagua tanzanaiti, wanaondoka nazo usiku kwa ndege. Mzazi haambiwi, kwa sababu akiambiwa ataomba alipwe fidia ya uchungu. Fomeni, mwanao saa hizi anakula mkate na siagi kwa Mzungu.

Fomeni: Bila kuniaga?

Bunge: Ni siri za mkataba, mzee wangu.

Issa alitaka kucheka, akaacha. Fomeni alikuwa ameanza kutabasamu, na tabasamu lile lilinikera kuliko kilio. Nilitaka kumwambia Bunge anyamaze, lakini ningesema nini badala yake? Bunge alikuwa anampa mzee pa kusimama, hata kama pale pa kusimama hapakuwepo.

Rahel alikuwa ameshika sweta muda wote, hajalinunua wala hajaliacha.

Rahel: Baba Alois, samahani. Mara ya mwisho kumwona mwanao ilikuwa lini?

Fomeni: Yuko bweni, dada. Pale hawaruhusu wazazi, wanasema wazazi wanashusha wastani. Na aliniambia mapema kwamba baada ya mtihani hatarudi nyumbani, watabakizwa kufundishwa kompyuta.

Rahel: Sawa. Lakini kumwona, kwa macho.

Fomeni: Desemba. Siku chache kabla ya Noeli.

Bunge: Ya mwaka jana?

Fomeni: Ya mwaka jana. Alifika jioni. Kakonda kidogo, masomo mazito. Alikuja na tranka lake na godoro.

Rahel: Na godoro?

Fomeni: Shule ilinunua magodoro mapya. Ndivyo alivyosema. Nikamwambia mama yake, unaiona shule hiyo? Tukala naye Noeli. Kesho yake akaamka mapema, akasema anawahi basi la Dumila, arudi shule. Mfuko mdogo tu. Godoro liko chumbani kwake mpaka leo, mama yake analianika kila Jumamosi.

Aliyasema yote kwa sauti ileile ya kuisifu shule, mpaka neno la mwisho. Halafu akasikia alichosema.

Mwanafunzi wa bweni anatoka shule na godoro lake mara mbili tu, akimaliza na akifukuzwa. Hakuna asiyejua. Desemba ile Alois alikuwa bado hajafanya mtihani. Nilijua mimi, alijua Chaki, alijua Issa. Bunge naye alijua, maana kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alifungua mdomo na kuufunga. Fomeni mwenyewe alikuwa anajua siku zote hizo, ila alikuwa hajawahi kulisema lile godoro mbele ya watu. Mtoto alikuwa ametupwa pembeni, na sisi tangu asubuhi tumekaa tunaisifu shule kwa kumtupa. Niliona aibu, nikajifanya nakunja mashati yaliyokwisha kukunjwa.

Chaki: Shule haikukuita, Severin? Hata kukutumia mtu?

Ilikuwa mara ya kwanza benchi lile kusikia mtu akimwita kwa jina lake.

Fomeni: Haikuniita. Nikasema, hawajaniita, basi mtoto hana tatizo. Si ndivyo? Ungekuwa wewe si ungesema hivyo?

Bunge: Lakini huenda kweli magodoro...

Hakumaliza. Chaki alimwekea mkono begani.

Rahel alilirudisha sweta mezani, akalinyoosha mikono vizuri kama alivyolikuta. Akamgeukia Fomeni, na uso wake haukuwa wa kumlaumu wala wa kumshinda mtu. Ulikuwa uso wa mzazi anayejaribu kuelewa jambo dogo tu.

Rahel: Sasa baba, kama godoro liko nyumbani, na shuleni hayupo, tangu wakati huo mtoto analala wapi?

Tulikuwa na majibu ya Mlimani, ya India na ya akili zinazopakiwa kwenye ndege. La mahali pa kulala hatukuwa nalo. Matarumbeta yalikuwa yanasikika kwa mbali upande wa mjini, yakitangaza asilimia za Upeo. Fomeni alitazama upande mwingine, kule barabara inakoelekea Dumila. Akasimama, akavifunga vifungo vya koti lake, akaondoka kwa miguu akiufuata ukingo wa lami, kikombe cha kahawa kingali mkononi. Issa alikiona, na hakumwita akirudishe.