Joan Cheruto, Aliyefungiwa Mlango na Kanuni Zake Mwenyewe

Bi. Joan Cheruto anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuutumikia Muungano wetu wa Ushirika wa Wakulima hapa Nakuru kwa miaka thelathini na mmoja. Sote tumezoea kumwita Madam. Walioajiriwa juzi wanamjua kama mkuu wa Idara ya Kompyuta. Wakongwe wanamkumbuka akiwa karani wa mizani kule Mau Narok, leso imefungwa juu ya sweta, akipima viazi kwenye baridi iliyowafanya madereva wa malori wakatae kushuka.

Kompyuta ya kwanza ilipofika Mau Narok ilikaa kwenye boksi msimu mzima, maana meneja aliogopa italipuka. Cheruto ndiye aliyeifungua. Muungano ukampeleka masomoni, na aliporudi akashirikiana na fundi wetu wa programu, Bw. Mbugua, kuunda Ratili, programu ya kupima na kurekodi mazao. Wao wawili ndio waliomshawishi mkurugenzi iwe programu huria: yeyote aitumie bure, aifungue aone ilivyoundwa, airekebishe na kuturudishia alichorekebisha. Leo Ratili inatumika Kitale, Mbeya, na hata katika nchi ambazo wakulima wake hatutawahi kuwaona. Wanaoiendeleza ni watu wa kujitolea wanaokutana kwenye jukwaa letu la mtandaoni.

Mbugua ni hodari, hilo halina ubishi. Ulimi wake nao ni pilipili. Siku moja mwalimu wa Njoro, Bi. Truphosa, alituma rekebisho lenye kasoro. Mbugua akamjibu mbele ya wote: “Mathe, kompyuta si sufuria. Rudi ukachome mahindi.” Emoji za kicheko zikamiminika. Truphosa hakuandika tena.

Miezi ilipita kabla Madam hajaliona pengo hilo. Akaenda Njoro mwenyewe kumwomba arudi. Truphosa alimkaribisha vizuri, kisha akamwambia bila hasira: “Madam, Mbugua ni Mbugua. Kilichoniondoa ni wale waliocheka. Na wewe ulicheka.”

Cheruto alirudi ofisini akalifungua jukwaa. Emoji yake ilikuwa pale, ya pili kutoka juu. 

Wiki iliyofuata akapendekeza kanuni za mwenendo kwa wachangiaji wote. Hatukutarajia moto uliowaka. Watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi walianza kuitana madikteta na watoto wa kubembelezwa. “Programu haina moyo,” aliandika Mbugua. “Kitu kikiwa kibovu, mnataka niseme ni kizuri?” Lakini pingamizi lililomchoma Madam zaidi lilitoka kwa Owino, mhandisi wa Kisumu, mpole kuliko sote. Aliuliza: “Leo tunazuia matusi. Kesho mwenye cheo atasema kupingwa ni kutukanwa. Nani atatukinga naye?”

Madam alinuna siku kadhaa. Kisha akaandika upya: malalamiko yaamuliwe na watu watatu waliochaguliwa na wachangiaji, anayelalamikiwa asikilizwe kwanza, na asiwepo aliye juu ya kanuni, hata awe bosi wa Muungano. Owino akaunga mkono. Mbugua akapinga hadi mwisho. Kanuni zikapita kwa tofauti ya kura chache.

Jioni ile ile ndipo tuliposhika vichwa. Cheruto, aliyechoshwa na wiki nyingi za kuitwa dikteta, aliandika jukwaani: “Sasa hata wale ambao mama zao hawakumaliza kuwalea watajifunza adabu.” Kila mtu alijua anasemwa nani. Na mama yake Mbugua alikuwa amezikwa huko Bahati mwaka huo huo.

Kesho yake lalamiko la kwanza chini ya kanuni mpya likawasilishwa. Mlalamikaji: Mbugua. Mlalamikiwa: Joan Cheruto.

Tulidhani ni kisasi, na kwamba Madam angelipuuza. Jopo la watu watatu, Owino akiwa mwenyekiti, liliwasikiliza wote wawili, likaamua maneno yale yaondolewe na aliyeyaandika akae nje ya jukwaa mwezi mzima. Mkurugenzi akaja juu. “Programu ni yetu na wewe ndiwe mkuu wake. Futa huo uamuzi.”

“Boss,” Cheruto akajibu, “nikiufuta, basi Truphosa alifanya vyema kutukimbia.”

Akafungiwa. Mkuu wa Idara ya Kompyuta akawa anapita kwenye meza za wadogo wake kuuliza habari za jukwaa, nasi, kwa heshima zote, tukikataa kumwambia. Kazi ilipomwishia akageukia printa. Printa zote za jengo hili zilitengenezwa mwezi huo, pamoja na ile ya ghorofani tuliyokuwa tukiitumia kuwekea vikombe.

Jumamosi moja alikwenda Bahati, amebeba sukari, peke yake. Yaliyosemwa huko hatuyajui. Jumatatu tulimuuliza Mbugua, naye akasema: “Alikuja. Alisimama kaburini. Yamekwisha.” Baada ya siku chache, pale pale alipomtukana Truphosa, aliandika: “Yale ya mahindi sikupaswa kuyasema. Kazi yako ndiyo iliyohitaji kurekebishwa, si wewe.”  Msimu wa kupanda ulipokwisha Truphosa alituma rekebisho jipya, nalo likakaguliwa na kuingizwa bila mbwembwe.

Mwezi huu, Madam alipokuwa akiaga, alitushtua kwa mara nyingine. Nafasi moja ya jopo imekuwa wazi, na yeye akampendekeza Mbugua.  “Alizipinga kanuni,” akatueleza, “lakini siku alipoumia alizitumia badala ya kurudisha tusi. Mimi niliziandika, nikazivunja kabla ya kulala.” Truphosa alisema waziwazi, kwa adabu, kwamba yeye hampigii kura. Hakumpigia. Mbugua akachaguliwa hata hivyo, akaomba Truphosa ndiye amkumbushe akianza kuwaka. Tayari amekwisha kukumbushwa mara moja, na akanyamaza.

Madam, umetufundisha kazi, na ukakubali kufundishwa mbele yetu. Asante. Shamba lako la Mau Narok likupe mavuno, mvua inyeshe kwa wakati wake, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na karibu nawe siku zote awepo mtu jasiri wa kukuambia umekosea.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote,
Weldon Kimaiyo, Idara ya Kompyuta