Nilivyopanda Dindira Bila Sufuria

Bwana Yesu atukuzwe, wapendwa! Mimi ni mtu ambaye hakuna jambo la kunishangaza. Shule niliishia darasa la pili, lakini duka langu hapa Handeni nimelijenga kwa mikono hii, bati juu, saruji chini, na hakuna aliyenichangia hata msumari.

Lakini ndugu zangu, nilikuwa mfungwa. Ujanani mwenzangu wa biashara alikula kwa watu siku ya mnada, asubuhi yake akafa. Watu wakasema sumu. Tangu hapo sikula tena chakula cha nyumba ya mtu. Miaka ishirini na minane! Nikisafiri nabeba jiko la mafuta, sufuria mbili, unga, dumu la maji, godoro na taa ya chemli. Nikiulizwa najibu, "Najitegemea. Kwani Azimio la Arusha linasemaje?" Watu wananisifu. Kumbe ni woga mtupu.

Binti yangu Eliza alipoolewa Dindira, kule mlimani, nilipanda kwenye lori na mizigo yangu yote. Wakwe wamechinja, wamepika. Mimi nikawasha jiko langu uani kwao, nikasonga ugali wangu, nikala peke yangu. Mama mkwe wake aliingia ndani, hakutoka tena mpaka naondoka.

Miaka minne Eliza hakushuka kunisalimu. Kisha akatuma neno: "Baba, nimejifungua wa pili. Njoo uwaone wajukuu zako. Ukija na sufuria, basi usitutafute tena."

Nilikwenda, na sufuria nikazifunika kwa blanketi. Mvua ilikuwa imekata barabara, kwa hiyo kutoka Korogwe nilipanda kwa miguu, nina miaka hamsini na miwili, mgongoni mzigo wa ratili sitini. Kabla sijafika nusu ya mlima magoti yaligoma. Nikakaa chini njiani. Akapita mama mmoja mchuma chai, kapu mgongoni.

"Shikamoo mzee. Unahama?"

"Marahaba. Naenda kwa binti yangu."

Akaziona sufuria, zilikuwa zimechomoza. "Hee! Huyo binti yako hana hata cha kukupikia?"

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi, hakuna yaliyonipata kama neno hilo! Nilisali palepale: Bwana, nikifa nife, lakini nimwone mwanangu. Nikamwambia yule mama achukue vyote, viwe vyake. Akadhani nimechanganyikiwa. Nikabaki na blanketi, shati moja na Biblia, nimevifunga kwa kamba begani. Nilipoinuka nilipepesuka, nilikuwa nimezoea kuvutwa nyuma. Kisha nikapanda, wala sikupumzika tena.

Mama mkwe wa Eliza alinitazama mgongoni kwanza, usoni baadaye.

"Baba Eliza, lile jiko leo umemwachia nani?"

"Nimeligawa, mama."

"Tutaona."

Eliza akaleta ugali na maharage, akasimama pale pale na bakuli la kunawia. Nikanawa, nikala. Nikaenda kulala nikisubiri kufa. Asubuhi nikaamka na njaa! Haleluya! Nikaomba kiporo mwenyewe, na mjukuu wangu mkubwa akaja kukaa magotini pangu.

Sasa fundi amenishonea mfuko wa turubai wenye mikanda miwili. Ndani ni blanketi, shati, kisu, chumvi na Neno la Mungu. Haufiki ratili nane. Kwa mfuko huo nimetembea mpaka Sindeni, nimetembea mpaka Mkumbara, nikila nilichopewa na kulala nilipokaribishwa. Vijana nawaacha nyuma, waulizeni.

Wewe unayejifungia kula peke yako, mwamini Yesu leo. Jumamosi napanda tena Dindira. Njoo tuende, lakini mzigo acha nyumbani.

Wengine mnauliza kufunguliwa huku kumenigharimu nini. Wazee wa upande wa mkwe wangu walidai mbuzi wa kuomba radhi. Nikamnunua kulekule, akapikwa kwa sufuria zao, nikala nao. Shilingi thelathini na saba na senti hamsini.